Makovu Yanayorudi Baada ya Upasuaji wa Endometriosisi (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilieleza kuwa endometriosisi ni ugonjwa ambao chembe zinazofanana na zile za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, na kwamba Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa unampata mwanamke mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Sehemu hii inahusu wale waliokwisha kupasuliwa, wakapata nafuu kwa miezi kadhaa, kisha maumivu yakarejea.

Viungo vya tumboni vimefunikwa na utando mwembamba unaoteleza, ambao huviwezesha utumbo, kibofu na mirija ya uzazi kupishana bila kukwaruzana. Utando huo unapokatwa, kuunguzwa kwa umeme wa upasuaji au hata kukauka mbele ya hewa, mwili humimina hapo majimaji yenye nyuzi za kunata ziitwazo faibrini, kama vile mgunga unavyotoa gundi pale gome lake lilipochubuliwa, jambo ambalo wafugaji wa Wajir na Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, wanaokusanya gundi hiyo wanalijua vizuri. Kwa kawaida nyuzi hizo huyeyuka ndani ya siku chache. Zisipoyeyuka, mishipa ya damu na ya fahamu hupenya ndani yake, na kilichokuwa gundi hugeuka kuwa ukanda wa kovu unaofunga viungo viwili visivyopaswa kushikana. Ukanda huo ndio unaoitwa hapa kovu shikanishi.

Kwa hiyo kovu hili halitokani na uzembe wa mgonjwa, wala si lazima liwe kosa la mpasuaji, kwani linazaliwa na uponaji wenyewe. Na likikatwa, kingo zake huwa vidonda vipya vinavyoweza kushikana tena. Upasuaji wa matundu madogo, uitwao laparoskopi, hupunguza hatari hiyo ukilinganishwa na kupasua tumbo lote, na vipo vitambaa maalumu vinavyoyeyuka ambavyo hutandikwa kati ya viungo ili visigusane wakati wa kupona, lakini hakuna njia inayoizuia kabisa. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024, aliwafumbua macho Wakenya wengi kwa kusimulia hadharani jinsi alivyopasuliwa mara nyingi, hadi akasafiri kwenda Atlanta, Marekani, mwaka 2018 kutafuta matibabu ya ugonjwa uliokwisha kufika kifuani. Kupasuliwa tena kunafaa pale penye sababu iliyo wazi; kupasuliwa kwa sababu tu maumivu yamerudi ni kuuongezea mwili majeraha.

Katika Garissa, Wajir na Mandera kuna ugumu wa ziada. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa karibu asilimia 98 ya wanawake wa eneo hilo walikuwa wamekeketwa, baadhi yao kwa namna iitwayo ya Firauni, ambapo uke hushonwa na kuachwa tundu dogo. Sheria ya mwaka 2011 inakataza tendo hilo, lakini waliokwisha kutendewa bado wanaishi nalo, na damu ya mwezi inayopita kwa shida huleta maumivu yake yenyewe. Basi binti anayelia kila mwezi huambiwa kuwa ni mshono, na endometriosisi iliyo chini yake haitafutwi. Neno la Kisomali caado, ambalo ni ndugu wa ada ya Kiswahili, hubeba maana ya desturi na pia ya hedhi, na inasikitisha kwamba maumivu nayo yamehesabiwa kuwa desturi.

Anayeishi na makovu haya huyatambua katika mambo madogo: kuvutwa ndani ya kinena anapoinama kusujudu, au kila basi linaporuka shimo katika barabara ya vumbi ya kusini mwa Mandera. Sheria ya dini ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa kuswali akiwa ameketi, na damu ya matone ambayo dawa za homoni huweza kuleta nje ya siku za hedhi huangukia hukumu ya istihadha, ambayo haizuii swala. Mwanamke asiyeelezwa hayo huenda akaacha dawa inayomsaidia. Kutembea mapema baada ya upasuaji, mazoezi ya nyonga chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, maji ya kutosha katika joto la huko na chakula kisichofunga choo hupunguza mateso, ingawa hayafungui kovu lililokwisha kukomaa. Tumbo likivimba, mgonjwa akatapika na asipate choo wala kutoa hewa, hiyo ni dalili kwamba utumbo umezibwa, na anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa kuwa upasuaji wa kina mara nyingi humaanisha safari ya takriban kilomita 370 kutoka Garissa hadi Nairobi, mgonjwa anayo haki ya kudai nakala ya ripoti ya upasuaji kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na aihifadhi pamoja na kitambulisho chake. Ripoti hiyo humwonyesha mpasuaji wa baadaye mahali utumbo uliponata. Mpasuaji asiyekuwa nayo huenda akapitisha kisu kitovuni, palepale ambapo utumbo umejishikiza kwenye ukuta wa tumbo kwa ndani.