Unga mgumu unavyoua mashine za kukandia

MAMA anayepika mandazi ya kuuza hununua mashine ya kukandia unga akitarajia kupumzisha mikono. Mashine hiyo inapoungua, mtaji wake nao huungua. Mara nyingi lawama huelekezwa kwa fundi au muuzaji, ilhali chanzo kimo ndani ya bakuli.

Ugumu wa donge hutokana na uwiano wa maji na unga. Mkate laini wa kopo huhitaji mililita 600 hadi 650 za maji kwa kilo moja ya unga wa ngano. Donge gumu, kama lile la bageli, mkate wa mviringo uliopata umaarufu jijini New York, hutiwa mililita 500 hadi 570 tu. Mpishi wa mandazi anayetumia tui zito naye huingia katika kundi hilo, kwa kuwa sehemu ya tui ni mafuta. Nusu lita ya tui si nusu lita ya maji.

Donge la namna hiyo hung'ang'ania ndoano ya kukandia na kuzunguka nayo kama jiwe. Mota ikizidiwa na mzigo hupunguza mwendo na kuvuta umeme mwingi zaidi, hivyo hupata joto. Katika mashine nyingi feni ya kuipoza imefungwa kwenye mhimili wa mota hiyo hiyo. Mwendo ukipungua, upepo nao hupungua. Harufu ya kuungua ni dalili ya hatari.

Aidha, idadi ya wati iliyoandikwa kwenye mashine huonyesha umeme unaotumika, wala si nguvu inayoifikia ndoano. Kwa sababu hiyo, wati nyingi pekee si kigezo cha kutosha dukani.

Kuongeza kasi si dawa. Kampuni ya KitchenAid, kwa mfano, huelekeza kuwa unga wa hamira ukandwe kwa kasi ya pili, si zaidi. Jambo la kwanza ni kupunguza kiasi: anayekanda kilo moja ya unga laini agawe unga mgumu mara mbili. Maji yatangulie bakulini na unga ufuate kidogo kidogo, ili pasibaki unga mkavu chini.

Jambo la pili, ambalo wengi hulipuuza, ni kuliacha donge lipumzike. Mwaka 1974 Profesa Raymond Calvel wa Ufaransa alieleza kuwa unga ukichanganywa na maji na kuachwa, hunywa maji hayo na nyuzi za gluteni huanza kujijenga zenyewe. Dakika 20 hadi 30 chini ya kitambaa chenye unyevu hupunguza sana kazi ya mashine. Chumvi na hamira huongezwa baadaye.

Baada ya hapo, mashine ikande kwa dakika tatu au nne, izimwe ipoe, kisha iendelee. Katika miji yenye joto kama Dar es Salaam na Mombasa, maji baridi husaidia, kwani msuguano hulipasha donge moto na kuiharakisha hamira.

Donge likizidi kuwa gumu, litolewe na kumaliziwa mezani kwa mikono. Dakika tano za jasho ni nafuu kuliko mota mpya.