Mtungi wa Hewa Ukaa na Uhai wa Mama wa Machimboni

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuwapata na kuwaua wanawake nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000 katika mwaka mmoja. Hata hivyo, ugonjwa huu hauvamii kwa ghafla. Tangu kirusi cha papiloma, yaani HPV, kiingie mwilini hadi saratani ijitokeze, kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye kinga yake ya mwili imedhoofika, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo huweza kufupika hadi miaka 5 hadi 10. Katika kipindi chote hicho mabadiliko ya awali huweza kuonekana na kuondolewa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na hapa ufa huonekana miaka mingi kabla ukuta haujaanguka.

Mojawapo ya njia za kuuziba ufa huo ni tiba mgando. Mhudumu hupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asili ya siki, kisha husubiri dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Ikiwa inafaa kutibiwa, ncha ya chuma iliyopozwa kwa gesi huwekwa juu yake: dakika 3 za kugandisha, dakika 5 za kuacha barafu iyeyuke, kisha dakika 3 nyingine za kugandisha. Seli zenye kasoro hufa, na ngozi mpya huota mahali pake. Mama hahitaji kulazwa wala kupewa dawa ya usingizi.

Gesi itumikayo mara nyingi ni hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, inayoletwa katika mtungi wa chuma unaojazwa tena kila unapokwisha. Mtungi huo ndio mara nyingi huamua kama mama atatibiwa leo au ataambiwa arudi siku nyingine.

Kwa nini "rudi wiki ijayo" ni hatari

Katika ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama na Msalala mkoani Shinyanga hadi Mbogwe, Bukombe na Geita, watu huhama kufuata riziki. Rashi ikilipuka mahali, kijiji huzaliwa kwa majuma machache. Maduara yakikauka, watu hutawanyika. Pamoja na wachimbaji husafiri wanawake wapondao mawe, waoshao mchanga kwenye mialo, mama lishe na wenye vibanda vya biashara. Mwanamke aliyepimwa leo Nyarugusu au Rwamgasa huenda mwezi ujao akawa kwenye machimbo mengine, katika wilaya nyingine, asijulikane na mhudumu yeyote.

Kwa sababu hiyo, kupima na kutibu siku ileile kuna uzito wa pekee huku. Mama ameacha kazi ya siku nzima, amelipa nauli ya bodaboda, na pengine amemwomba mumewe ruhusa kwa tabu. Akiambiwa gesi imekwisha, si ajabu asirudi tena. Matokeo yake yatabaki daftarini, na mabadiliko yatabaki mwilini.

Geji husema nini, na haisemi nini

Vituo vingi huutazama mtungi kwa geji peke yake. Hapo ndipo kosa huanzia.

Ndani ya mtungi, sehemu kubwa ya hewa ukaa si gesi bali ni kimiminika kilichoshindiliwa. Gesi inapotumika, sehemu ya kimiminika hugeuka gesi na kujaza nafasi iliyoachwa. Hivyo, katika nyuzi joto 20, shinikizo hubaki karibu mara 57 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, mtungi uwe umejaa au umebakiwa na kimiminika kidogo tu. Tone la mwisho likishageuka gesi, geji huporomoka kwa kasi. Nchi za Ulaya na Asia wachezao kwa bastola za gesi zinazorusha vidonge vya plastiki huijua tabia hii: chombo chao cha gesi hurusha kwa nguvu ileile mara nyingi, halafu hulegea karibu ghafla. Mchezaji hupoteza mchezo. Katika chumba cha tiba, mama hubaki na mgando usiokamilika.

Joto nalo huichanganya geji. Katika nyuzi 30, shinikizo hupanda hadi mara 70 na zaidi, ingawa gesi haikuongezeka hata gramu moja. Asubuhi ya baridi hushuka, na mchana wa jua la Shinyanga hupanda. Zaidi ya nyuzi 31, kimiminika hakiwezi kuwapo tena. Chote huwa katika hali ya gesi, na shinikizo huzidi kupaa. Kwa hiyo mtungi usiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Kinachosema kweli ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu hugongwa kwenye shingo yake. Pima mtungi baada ya kufungua regulata na kuondoa kofia ya kinga, kisha toa uzito huo mtupu. Kinachobaki ndicho kiasi cha gesi. Andika uzito kabla na baada ya kila siku ya kliniki pamoja na idadi ya wanawake waliotibiwa. Baada ya majuma machache kituo kitajua wastani wake halisi wa gesi kwa kila mama. Wastani huo hutofautiana kwa aina ya kifaa na kwa mkono wa mtumiaji, hivyo wa kituo jirani hautoshi. Ukiujua, utaagiza gesi kabla haijakwisha, na utajua kama mtungi wa leo unawatosha waliopanga foleni.

Si kila mtungi unafaa

Hewa ukaa hutumika pia katika viwanda vya soda na katika vizima moto. Gesi isiyosafishwa kwa matumizi ya tiba huweza kubeba unyevu na chembechembe zinazoziba njia nyembamba za kifaa. Mtungi wa kizima moto una bomba la ndani linalofika chini, nao hutoa kimiminika badala ya gesi. Usiunganishwe kamwe na kifaa cha tiba mgando. Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo ukutani, kwani ukianguka na valvu ikavunjika, huruka kama kombora. Wakati wa kuujaza, gesi hupimwa kwa uzito na nafasi huachwa ya kutanukia. Kabla ya kuupokea, tazama tarehe ya upimaji wa nguvu iliyogongwa shingoni.

Wachimbaji wanaijua hatari nyingine ya gesi hii bila kufundishwa. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, nayo hujikusanya chini ya maduara. Taa ya moto huzimika, na aliyeshuka hukosa pumzi. Chumba cha tiba chenye dirisha lililofungwa si duara, lakini kanuni ni ileile. Madirisha yafunguliwe, na gesi itokayo kwenye kifaa ielekezwe nje.

Kwa mama na kwa mhudumu

Tiba mgando haimfai kila mwanamke. Hutolewa pale ambapo sehemu yote iliyobadilika inaonekana, haijaingia ndani ya njia ya mlango wa kizazi, inafunikwa na ncha ya kifaa, na hakuna dalili ya saratani yenyewe. Mjamzito husubiri hadi ajifungue. Mwenye dalili za saratani hupewa rufaa, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza.

Baada ya tiba, majimaji huweza kutoka ukeni kwa majuma kadhaa; hilo ni la kawaida. Mama ajiepushe na kujamiiana kwa majuma manne, au mume atumie kondomu ikiwa hilo haliwezekani. Homa, maumivu makali ya tumbo, usaha wenye harufu mbaya au damu nyingi ni sababu ya kurudi kituoni mara moja. Baada ya mwaka mmoja apimwe tena, popote atakapokuwa; kwa hiyo apewe kadi yake aichukue anapohama.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba ya joto, itumiayo ncha iliyopashwa moto na isiyohitaji gesi. Kifaa chake hubebeka, na kingine hutumia betri. Kadiri vifaa hivyo vinavyoenea, mzigo wa mitungi utapungua. Lakini betri nayo huisha, na kituo kisicho na mazoea ya kukagua kifaa mapema kitamwambia mama neno lilelile: rudi wiki ijayo.

Mwanamke mwenye umri wa miaka 30 na kuendelea anapaswa kupimwa. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, kwani hatari yake ni mara sita ya mwingine. Anapofika kliniki, ana haki ya kuuliza: "Nikikutwa na mabadiliko, mnaweza kunitibu leo?" Mhudumu aliyepima mtungi wake asubuhi atakuwa na jibu.