Fuvu ni la Nani?

Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini Juni 1919, umejaa mipaka, meli, makaa ya mawe na madeni ya vita. Ndani yake kuna kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani ikabidhi vitu viwili katika muda wa miezi sita: msahafu wa Khalifa Uthman kwa Mfalme wa Hijazi, na fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kwa serikali ya Uingereza. Mtu ni wa Iringa, aliyemkata kichwa ni Mjerumani, na anayedai ni Mwingereza. Wana na wajukuu wa marehemu hawakutajwa. Sheria ya mataifa ya wakati ule ilizungumza na dola tu, na dola ya Wahehe ilikuwa imeshavunjwa.

Mkwawa aliliangamiza jeshi la Kijerumani la Zelewski pale Lugalo mwezi Agosti 1891. Boma lake la Kalenga lilipoanguka miaka mitatu baadaye, akaingia porini, na mwaka 1898, alipozingirwa, akajipiga risasi. Kichwa kikatengwa na mwili. Aliyeshauri fuvu liingizwe kwenye mkataba ni Horace Byatt, mtawala wa Kiingereza katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, aliyeona kwamba zawadi hiyo ingewafurahisha Wahehe. Ujerumani ikajibu kwamba halionekani, na shauri likalala zaidi ya miaka 30.

Aliyeliamsha ni Gavana wa Tanganyika, Edward Twining. Mwaka 1953 alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta shehena ya mafuvu, mengine yakiwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Atalijuaje la Mkwawa? Vichwa vya ndugu wa ukoo vilipimwa upana na urefu, kikapatikana kiwango, kisha yakachambuliwa mafuvu yaliyokaribia kiwango hicho. Moja lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo likachukuliwa.

Hapo panastahili kutuliwa. Upimaji huo wa vichwa ndio uliowafanya Wazungu wakusanye mafuvu tangu mwanzo, wakiamini kwamba namba za mfupa zitawaonyesha daraja za binadamu. Elimu ile ile iliyompeleka Mkwawa ughaibuni ndiyo iliyotumiwa kumrudisha. Fuvu lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954 kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la Tanzania. Wako wanahistoria ambao hadi leo wanatilia shaka kama ni lenyewe. Kisheria shaka hiyo haina uzito: deni limelipwa, mdai amepokea. Fuvu halikuzikwa. Limo ndani ya sanduku la kioo katika makumbusho ya Kalenga, tundu likionekana, na wageni hulipa kiingilio kulitazama.

Mkwawa alikuwa na bahati ya jina. Wengine hawakuwa nalo. Felix von Luschan, profesa wa Chuo Kikuu cha Berlin na mtunzaji katika makumbusho ya jiji hilo, alikusanya maelfu ya mafuvu kutoka pande zote za dunia. Maofisa wa jeshi, madaktari na wasafiri waliokuwa makoloni ndio waliompelekea, mengine yakitoka makaburini, mengine kwenye viwanja vya kunyongea. Yakifika Berlin yaliandikwa wino juu ya mfupa: mahali, namba, pengine kabila. Jina la mtu ni nadra. Mkusanyo huo baadaye ulikuwa mikononi mwa hospitali ya chuo ya Charité, na mwaka 2011 ukahamishiwa kwenye taasisi ya makumbusho ya serikali ya Prussia ya zamani. Watafiti wake walipoyachunguza yaliyotoka Afrika Mashariki walihesabu 1,135. Kati ya hayo 904 yalitoka maeneo ambayo leo ni Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya.

Kisheria, mabaki haya ni kitu gani? Sheria ya Kiingereza, ambayo Kenya na Tanzania ziliirithi, inasema tangu zamani kwamba maiti haina mwenyewe; kuna haki ya kuzika tu. Kenya iliionja ladha ya kanuni hiyo mwaka 1987, pale mjane na ukoo wa Umira Kager walipogombania mwili wa wakili S. M. Otieno. Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki, akazikwa Nyalgunga. Lakini mwili ukikaa kabatini miaka mia na kupewa namba ya usajili, sheria hugeuka baridi: umekuwa mali ya mkusanyo. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuvilazimisha vyuo na makumbusho yanayopata fedha za serikali kuu kuorodhesha mifupa ya wenyeji wa asili na kuzungumza na jamii zao. Ujerumani imetegemea zaidi miongozo ya chama cha makumbusho. Mwongozo una maneno mazuri, ila mjukuu aliyenyimwa hawezi kwenda nao mahakamani.

Chuo kikuu kinaweza pia kuifanya kazi kinyume na ile ya Luschan. Mwaka 1968 idara ya historia ya Chuo Kikuu kilichokuwa changa cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini, wengi kwao wenyewe, kuwahoji wazee walioikumbuka vita ya Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Waliongoza kazi Gilbert Gwassa na John Iliffe. Kabla ya hapo mtu aliyetaka kuijua vita hiyo alisoma ripoti za maofisa wa Kijerumani. Sasa aliyenyunyiziwa maji ya dawa aliulizwa mwenyewe aliamini nini, nani alimletea, alikimbilia wapi njaa ilipoanza. Mwanafunzi mmoja wa chuo hicho, Ebrahim Hussein, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapwa 1969, na kwa Watanzania wengi Maji Maji ni ile ya jukwaani.

Kazi hiyo naiheshimu, lakini nayo ina deni lake. Taifa lilikuwa na miaka saba tu tangu uhuru, likihitaji vita moja ya watu wote dhidi ya mkoloni, na maswali ya watafiti yaliegemea huko. Wanahistoria waliofuata walionyesha kwamba palikuwa na vita nyingi ndani ya moja: ugomvi wa pamba Umatumbi, madai ya watawala wa Kingoni, visasi vya jirani na jirani. Halafu maelezo ya wazee yaliandikwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktaba. Mzee wa kijiji cha Ngarambe alitoa kumbukumbu yake bure. Vitukuu wake wakitaka kuisoma, ipo Dar es Salaam. Hakuna sheria iliyovunjwa.

Familia ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, haikuwa na maktaba ya kwenda. Meli alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, na simulizi ya nyumbani inasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, alikisaka kwa miongo mingi, hadi akatoa sampuli ya vinasaba ili ilinganishwe na mafuvu ya Berlin. Matokeo yalitangazwa Septemba 2023, na Meli hakupatikana. Alipatikana mwingine: fuvu lililoandikwa “Akida”, la mshauri wake wa karibu, ambalo vinasaba vyake vililingana kikamilifu na vya mtu aliye hai Tanzania. Mafuvu mengine mawili yalikaribia kulingana na vinasaba vya koo za Wachagga.

Miezi miwili baadaye Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa 1906. Wajukuu hao nao wanatafuta kichwa. Mazungumzo ya kurejesha mabaki yanaendeshwa na serikali mbili, kama ilivyokuwa 1919, isipokuwa safari hii mmoja wa wazungumzaji ni Tanzania. Lakini familia ya Akida inataka kuzika, ilhali Kalenga kuna sanduku la kioo na kiingilio, na kati ya mafuvu 202 mengi hayana ukoo unaojulikana wa kuulizwa lipi linafaa.