Seva zisizo rasmi zaonyesha bidhaa ya zamani bado inauzika

BIASHARA ya michezo ya intaneti imetoa somo ambalo kila mwenye duka atalitambua: mwenye bidhaa akiiondoa sokoni huku wateja bado wanaitaka, atatokea mwingine wa kuwahudumia.

Mchezo wa World of Warcraft wa kampuni ya Blizzard ya Marekani uliingia sokoni Novemba 2004. Mchezaji hulipa ada ya kila mwezi, ambayo huko Marekani ni dola 14.99, ili aunganishwe na seva, yaani mitambo inayoendesha mchezo. Kila lilipotoka toleo jipya, la zamani lilizimwa. Aliyependa lile la mwanzo hakuwa na pa kulipata.

Pengo hilo lilizibwa na seva zisizo rasmi. Watu binafsi huandika programu inayofanya kazi kama seva ya kampuni, hukodi mtambo na kukaribisha wachezaji. Baadhi hutegemea michango, wengine huuza silaha na vifaa vya mchezoni kwa fedha halisi. Hatari yake ilionekana mwaka 2010, pale mahakama ya California ilipoamuru mwendeshaji mmoja ailipe Blizzard zaidi ya dola milioni 88. Katika fedha hizo, faida aliyoipata ilikuwa kama dola milioni 3 tu. Karibu zote zilizobaki ni fidia iliyowekwa na sheria.

Seva iliyotikisa soko ni Nostalrius, iliyofunguliwa na mashabiki mwaka 2015 kwa kutumia mitambo ya kampuni ya OVH ya Ufaransa. Haikutoza ada. Kwa hesabu ya waendeshaji wenyewe, akaunti 800,000 ziliandikishwa na 150,000 zilikuwa zikitumika. Ilifungwa Aprili 2016 baada ya barua ya mawakili wa Blizzard. Saini zaidi ya 200,000 zilikusanywa kudai toleo la zamani, na mwaka huohuo waendeshaji walikaribishwa makao makuu ya kampuni kwa mazungumzo.

Novemba 2017 Blizzard ilitangaza World of Warcraft Classic, ikaifungua Agosti 2019 kwa ada ileile ya mwezi. Kampuni mama wakati huo, Activision Blizzard, ilieleza kuwa ongezeko la wateja wa ada katika robo hiyo ya mwaka lilikuwa kubwa kuliko yote katika historia ya mchezo.

NCSoft ya Korea Kusini ilichukua njia nyingine. Ilifunga City of Heroes mwaka 2012, kisha Januari 2024 ikaipa leseni seva ya mashabiki iitwayo Homecoming.

Kwa mwekezaji mdogo, umati katika seva isiyo rasmi ni dalili kwamba mahitaji yapo. Mavuno, hata hivyo, ni ya mwenye hakimiliki. Anayetia fedha zake katika seva isiyo na leseni amejenga katika kiwanja cha mtu, na barua moja yatosha kumbomolea.