Begi la Mgongoni Hufia Begani

Anayenunua begi la kwendea kazini kwa baiskeli huanza na kitambaa. Hukibana kwa vidole, hukivuta, hukikwaruza kwa kucha, kisha huuliza bei. Si vibaya kuanzia hapo, ila mabegi yanayokufa kwa kuchanika katikati ni machache. Simama kwa fundi yeyote wa mabegi Kariakoo au Manzese jijini Dar es Salaam utazame rundo lililo mbele ya cherehani yake: hili mkanda umeng'oka begani, lile zipu inaachia, jingine mshono wa kitako umefumuka. Vitambaa vyenyewe vingi ni vizima.

Baiskeli huharakisha vifo vya aina hiyo. Gurudumu likiingia shimoni mzigo unaruka, ukishuka unaivuta mikanda kwa kishindo, na kati ya Kimara na Posta mashimo hayahesabiki. Mwendeshaji ameinama, kwa hiyo begi linatazama juu na jua linalipiga njia nzima. Jasho la mgongoni, lenye chumvi yake, linaingia kwenye mishono ya ndani. Vumbi linajaa kwenye meno ya zipu. Masika yakianza, baiskeli isiyo na madigadi ya nyuma inarusha tope moja kwa moja kwenye kitako cha begi. Hata njia ya baiskeli iliyojengwa sambamba na njia ya mabasi ya Mwendokasi kwenye Barabara ya Morogoro haikuepushi na hayo, maana utashuka na kupanda kingo zake kila unapoikuta imezibwa na meza ya matunda au bodaboda inayoihesabu kuwa yake.

Tukirudi kwenye kitambaa, wauzaji hupenda kuonyesha lebo yenye namba na herufi D: 420D, 600D, 1000D. Hiyo ni denia, kipimo cha unene wa nyuzi. Uzi wa denia 600 ni ule ambao mita 9,000 zake zina uzito wa gramu 600. Namba kubwa maana yake ni nyuzi nene, basi. Haikuambii zimefumwa kwa kubana kiasi gani, wala kama ni nailoni au poliesta. Mabingwa wa mabegi huisifu nailoni kwa kuwa inavumilia msuguano, na hapo wanasema kweli. Lakini nailoni hunywa maji na hudhoofishwa na jua upesi kuliko poliesta, na begi la mwendesha baiskeli wa Dar es Salaam huota jua asubuhi na jioni. Kwa hiyo poliesta nene ya 600D, inayodharauliwa kwa sababu ni rahisi, mimi siidharau.

Jambo la kuogopa zaidi liko upande wa ndani. Vitambaa vingi vya mabegi hupakwa utando wa poliyurethani ili vizuie maji. Joto na unyevu wa pwani huuvunjavunja utando huo taratibu, hata begi likiwa limetundikwa tu kabatini. Huanza kunata, halafu hubanduka magamba meupe yanayoshika kwenye vitabu na nguo. Kwenye mitumba ya soko la Karume utakutana na mabegi yanayong'aa kwa nje kama mapya huku ndani yamekwisha. Tia mkono mpaka chini, sugua pembe, kisha nusa. Ukisikia kunata au harufu ya uchachu, lirudishe kwenye rundo. Hakuna fundi anayeweza kuurudisha utando ule.

Sasa mshono, ambao ndio begi lenyewe. Ligeuze begi ndani nje. Muuzaji akikataa, umeshapata jibu lako. Tazama mkanda unapoingia begani. Begi zuri linaupitisha mkanda ndani ya mshono mkuu, likaushona mara mbili au tatu, na mara nyingi likaongeza kiraka cha kitambaa kigumu nyuma yake ili mvuto usambae. Begi baya limeuchomeka mkanda kati ya vipande viwili vya kitambaa na kupitisha cherehani mara moja. Kwa nje yote mawili yanafanana kabisa. Kule chini, mkanda unapokutana na kiuno cha begi, tafuta mshono wa mraba wenye alama ya X katikati, au ule msongamano wa mishono mifupi inayorudi mbele na nyuma mahali pamoja. Kisha tazama kingo za kitambaa kule ndani: zimefunikwa kwa utepe, au zimeachwa zikitoa nyuzi? Zinazotoa nyuzi leo zitafumuka kabla ya masika kwisha.

Usidhani pia kwamba mshono uliobanana sana ndio imara. Kila kitobo cha sindano kinakata kidogo. Vitobo vikikaribiana mno, kitambaa hukatika kwa mstari ulionyooka pembeni mwa uzi, na fundi hana pa kushonea tena.

Uzi nao una siri yake. Mafundi wengine huimarisha mabegi kwa uzi wa pamba kwa sababu ndio uliopo kwenye cherehani wakati huo. Pamba huoza kwa jasho. Omba kipande kidogo ukiwashie kiberiti: wa pamba utaungua na kuacha jivu, wa poliesta au nailoni utayeyuka na kufanya kidonge kigumu.

Zipu zina namba, na mara nyingi utaikuta imegongwa nyuma ya kichwa cha zipu: 3, 5, 8, 10. Kwa makadirio ni upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Mfuko mkuu wa begi la kazi usiwe na zipu chini ya namba 5. Kwangu mimi 8 au 10 ndiyo inayonipa usingizi. Zipu za chuma uziache, hewa ya bahari haina urafiki nazo. Herufi YKK ni za kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa na Tadao Yoshida mwaka 1934, na zipu zake ni nzuri kweli, ila herufi hizo zinaigwa kirahisi, hivyo zisiwe ushahidi wako pekee. Funga na kufungua mara kadhaa, hasa kwenye kona.

Na zipu ikianza kuachia, usikimbilie kununua begi jingine wala kubadilisha zipu nzima. Mara nyingi meno ni mazima, kilichochoka ni kichwa: kimepanuka kwa msuguano wa vumbi. Fundi hukibana kidogo kwa plaizi, kila upande kwa zamu, na begi linarudi kazini. Safisha meno kwa mswaki mkuukuu na uyapake nta ya mshumaa mara kwa mara.

Kuhusu mvua, maneno ya lebo yasikutie moyo sana. Begi lililoshonwa kwa sindano lina vitobo, na vitobo hupitisha maji. Zamani jibu lilikuwa rambo, ule mfuko wa plastiki: unaifunga kompyuta mpakato na makaratasi, unapita kwenye mvua. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania, na kwa haki. Kilichobaki ni kifuniko cha mvua au begi la turubai linalokunjwa mdomo. Mjini Zürich, Uswisi, ndugu wawili, Markus na Daniel Freitag, walianza mwaka 1993 kushona mabegi ya waendesha baiskeli kwa maturubai makuukuu ya malori, mikanda ya usalama ya magari na mipira ya ndani ya baiskeli. Sisi malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa hapa, na mafundi wa kushona turubai tunao. Tahadhari moja tu: turubai halipitishi hewa, na mgongo wako utapikwa. Lifunge kwenye keria.

Keria yenyewe haitumiki inavyostahili. Wauza mkaa na wauza samaki wanaijua thamani yake. Wafanyakazi wa ofisini wanaionea aibu. Begi la lita 20 linatosha kompyuta, nguo ya kubadilisha na chakula cha mchana. Ukizidisha hapo, mzigo ushuke begani, ufungwe nyuma kwa mpira wa tyubu. Kwa lile linalobaki mgongoni, hakikisha halikuzuii kugeuza shingo ukiwa na helmeti, lina mkanda wa kifuani, na si jeusi. Dereva wa daladala anahitaji kukuona.

Bei isikudanganye kwa upande wowote. Begi la mtumba ambalo mishono yake imekaa na ndani hainati limeshafanyiwa majaribio na mtu mwingine, kwa mvua na mizigo yake. La dukani majaribio yake yataanza siku utakayolilipia. Kati ya hayo mawili mimi nachukua la mtumba, na kabla sijalitia hata daftari nalipitisha kwa fundi aongeze mshono begani kwa uzi wa nailoni.