Uchafuzi wa hewa wakati wa ujauzito

Uchafuzi wa hewa wakati wa ujauzito unaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Chembe ndogo sana za moshi na vumbi, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, hupenya hadi ndani ya mapafu ya mama, na baadhi huingia katika damu. Mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati au akiwa na uzito chini ya gramu 2,500.

Mwaka 2008 serikali ya China ilipunguza magari barabarani na kusimamisha baadhi ya viwanda kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing. Watoto wa jiji hilo ambao mwezi wa nane wa mimba ulikuwa katika kipindi hicho walizaliwa na uzito mkubwa zaidi, kwa wastani wa gramu 23, kuliko wale wa majira hayohayo ya mwaka 2007 na 2009. Hiyo ni dalili kwamba hata nafuu ya wiki chache humfaa mtoto.