Nguruwe wa Hispania: namna gani inchi iliyofungiwa mipaka ilifikia kuuzia dunia nzima

Katika vijiji vingi vya Kivu ya Kusini, nguruwe ni benki ya jamaa. Mtoto akirudishwa nyumbani juu ya minerval, ao mgonjwa akilazwa hospitali, nguruwe mmoja anauzwa na shida inapungua. Lakini kila mfugaji anaijua pia ile siku mbaya: nguruwe mmoja anakataa chakula, masikio na tumbo vinageuka vyekundu, na kisha siku chache banda lote linabaki tupu.

Ugonjwa huo ni homa ya nguruwe ya Afrika. Wengi hapa wanauita tu peste. Wachache wanajua kama ni ugonjwa huohuo unaoamua, huko Ulaya, China na Amerika, nani atauza nyama ya nguruwe na nani atafungiwa mlango. Mfano unaoonyesha jambo hilo wazi ni Hispania. Inchi hiyo ilikaa na peste miaka 35, majirani wakikataa nyama yake. Leo iko kati ya wauzaji wakubwa wa nyama ya nguruwe duniani.

Soko la wakubwa wachache

Karibu nusu ya nyama yote ya nguruwe inayoliwa duniani inaliwa China. Wachina wanafuga sehemu kubwa wao wenyewe. Lakini inchi hiyo ni kubwa kiasi kwamba ikikosa kidogo tu, kile kidogo kinakuwa maelfu na maelfu ya tani, na wauzaji wote wanakimbilia huko. Wauzaji wenyewe si wengi: Umoja wa Ulaya, Marekani, Brazili na Kanada ndio wanaobeba sehemu kubwa ya biashara hii.

Kila mmoja ana nguvu yake. Marekani na Brazili wanalima mahindi na soya kwa wingi, na chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama ya kumkuza nguruwe. Hispania haina bahati hiyo. Mvua yake ni haba, kwa hiyo sehemu kubwa ya mahindi na soya ya nguruwe wake inapita baharini, mahindi kutoka inchi kama Ukraine, soya kutoka Brazili. Kwa hesabu ya kawaida, inchi inayonunua chakula mbali hivyo ilipaswa kushindwa. Juu ya nini haikushindwa? Jibu linaanzia kwenye ugonjwa.

Peste iliyotoka Afrika kwa ndege

Peste ilielezwa mara ya kwanza kwa maandishi mwaka wa 1921, na daktari wa wanyama Montgomery, aliyeiona ikiua nguruwe wa walowezi inchini Kenya. Ilijulikana baadaye kama virusi hivyo vinaishi ndani ya ngiri wa porini bila kuwagonjesha, na kwamba papasi, wale kupe laini wanaojificha ndani ya mashimo na nyufa, wanavihamisha kutoka mnyama mmoja kwenda mwingine.

Mwaka wa 1957 peste ilitokea Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Inaaminiwa kwamba ilitoka Angola, koloni ya Ureno wakati ule: mabaki ya chakula cha ndani ya ndege yalipewa nguruwe waliofugwa karibu na uwanja wa ndege. Ureno walidhani wameizima, lakini mwaka wa 1960 ikarudi, na mwaka huohuo ikavuka mpaka na kuingia Hispania.

Huko ilikaa. Kusini mwa inchi hiyo nguruwe wengi waliachwa kutembea msituni, na mabanda ya zamani ya mawe yalikuwa na nyufa zilizojaa papasi. Banda liliweza kukaa tupu muda mrefu, na papasi wakabaki wanangojea nguruwe wapya. Inchi jirani hazikutaka kupokea nyama mbichi wala nguruwe hai kutoka huko. Watu wa Hispania walifuga, wakala wenyewe, na soko la nje likabaki kwa wengine.

Kazi ya miaka kumi

Mwaka wa 1985 serikali ya Hispania ilianzisha mpango mkubwa wa kuitoa peste. Mwaka uliofuata inchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Ulaya, na fedha za Ulaya zikasaidia. Dawa haikuwapo, chanjo haikuwapo. Walichofanya ni kazi ya mikono na ya uvumilivu.

Vikundi vya veterineri vilitembea kwa magari, banda kwa banda, wakitoa damu ya nguruwe na kuipima. Nguruwe mwenye virusi aliuawa, hata kama alionekana mzima. Mabanda mabovu yenye nyufa yalibomolewa, mengine yakajengwa upya. Hakuna nguruwe aliyehamishwa bila karatasi inayoonyesha ametoka wapi. Magari ya kubeba wanyama yakawa lazima yaoshwe na kutiwa dawa. Wafugaji wenyewe walijiunga katika mashirika ya kijijini ya kulinda afya ya mifugo, kila shirika likiwa na veterineri wake.

Kuko jambo moja lililofanya yote hayo yawezekane: mfugaji aliyeuawa nguruwe wake alilipwa. Bila malipo, kila mtu mwenye nguruwe mgonjwa angefanya kile ambacho mtu yeyote mwenye shida anafanya. Angemchinja haraka ao kumpeleka sokoni kabla hajafa, ili apate hata nusu ya bei. Na peste ingetembea pamoja na nyama hiyo.

Hatua nyingine ya maana ilikuja mwaka wa 1989. Badala ya kungoja inchi nzima isafike, Hispania iligawanywa: maeneo yasiyo na ugonjwa yakatengwa na yale yenye ugonjwa, na yale safi yakaruhusiwa kuuza Ulaya. Mwaka wa 1995 inchi yote ikatangazwa kuwa safi.

Kuuza kila kipande kwa anayekipenda

Mlango ulipofunguka, Hispania ilikuwa tayari na namna yake ya kufuga. Katika majimbo ya Catalonia na Aragón hasa, nguruwe wengi wanafugwa kwa mkataba. Kompanyi inaleta watoto wa nguruwe, chakula, dawa na veterineri. Mfugaji anatoa banda, maji na kazi yake, na analipwa kufuatana na nguruwe aliowakuza. Bei ya soko ikianguka, pigo la kwanza linaipata kompanyi. Lakini nguruwe si wa mfugaji, na siyo yeye anayeamua bei. Wengine wanasema mkataba uliwaokoa, wengine wanasema uliwageuza wafanyakazi ndani ya mashamba yao wenyewe.

Siri nyingine ni kujua nani anakula nini. Mapaja ya nyuma yanabaki Hispania, yanatiwa chumvi na kutundikwa miezi mingi ili kuwa ile nyama kavu yenye sifa. Nyama laini ya mgongo inapata bei nzuri Japani. Miguu, masikio, vichwa na matumbo, ambavyo Ulaya havina wanunuzi wa kutosha, vinapendwa sana China. Faida iko hapo: mnyama mmoja anauzwa katika masoko manne ao matano, na hakuna kipande kinachotupwa.

Njia hiyohiyo inafika mpaka Kongo. Sehemu ya nyama ya nguruwe ya frigo inayouzwa Kinshasa na miji mingine inatoka Ulaya na Brazili, na mara nyingi ni vile vipande ambavyo huko vina bei ya chini: mbavu, miguu, mikia. Kwa muuzaji wa mbali ni mabaki ya hesabu yake. Kwa mfugaji wa hapa ni mshindani.

Mwaka ambao China ilikosa nguruwe

Mwezi wa nane, mwaka wa 2018, peste iliingia China. Ilienea kwa haraka ya kutisha na kupunguza nguruwe wa inchi hiyo kwa mamilioni mengi. Bei ilipanda, na China ikaanza kununua kila mahali.

Ujerumani ilikuwa wakati ule moja ya wauzaji wake wakubwa wa Ulaya. Kisha, tarehe 10 mwezi wa tisa 2020, nguruwe mwitu mmoja aliyekutwa amekufa katika jimbo la Brandenburg, karibu na mpaka wa Polandi, alipimwa na kukutwa na peste. Hakuna nguruwe wa kufugwa aliyekuwa mgonjwa. Hata hivyo China, Japani na Korea ya Kusini zilifunga mlango mara moja. Mzoga mmoja wa porini uliondoa soko ambalo Ujerumani ilijenga kwa miaka mingi.

Hispania ilikuwa tayari kuchukua nafasi hiyo. Ilikuwa imeanza kutazama Asia zaidi tangu mwaka wa 2014, Urusi ilipokataa nyama ya nguruwe ya Ulaya yote. Katika miaka hiyo ilipita Ujerumani na kuwa ya kwanza Ulaya. Leo inachinja zaidi ya nguruwe milioni 50 kwa mwaka, wakati wakaaji wake hawafiki milioni 50. Nyama inayotoka humo ni karibu tani milioni 5, na sehemu kubwa inavuka mpaka.

Ushindi wenye gharama

Lakini kumtegemea mnunuzi mmoja mkubwa ni hatari. Kuanzia mwaka wa 2021 China ilikuwa imekwisha kurudisha nguruwe wake, ikapunguza kununua, na bei ikaanguka. Mwaka wa 2024, wakati Ulaya na China zilikuwa zinavutana juu ya ushuru wa magari ya umeme, China ilifungua uchunguzi juu ya bei ya nyama ya nguruwe ya Ulaya. Mwisho wa 2025 ikaweka ushuru. Wafugaji wakajikuta wanalipa ugomvi wa magari wasiyoyatengeneza.

Gharama nyingine iko ndani ya maji. Nguruwe wengi mahali pamoja wanatoa mavi mengi kuliko mashamba yanavyoweza kuyanywa. Katika vijiji kadhaa vya Catalonia na Aragón, maji ya chini ya ardhi yamechafuka kwa nitrati mpaka hayafai kunywa. Mwezi wa tatu 2024, Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliihukumu Hispania kwa kutolinda vya kutosha maji yake na uchafu unaotoka mashambani.

Na mwisho wa mwezi wa kumi na moja 2025, peste ikarudi. Nguruwe mwitu waliokufa waliokotwa karibu na Barcelona, na vipimo vikathibitisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1994. Japani ikafunga mlango kwa inchi nzima. China ilifunga kwa jimbo la Barcelona peke yake, juu ya mapatano yaliyotiwa sahihi wiki chache mbele: ugonjwa ukitokea mahali pamoja, mahali pengine paendelee kuuza. Ni wazo lilelile la mwaka wa 1989. Kugawa maeneo kulifungua soko zamani, na sasa kukazuia lisifungwe lote.

Hii inamgusa namna gani mfugaji wa Walungu ao Uvira?

Hakuna anayengojea meli ya nyama kutoka Kivu kwenda China kesho. Watafiti wamekuta virusi vya peste mara kwa mara katika Kivu ya Kusini, na hapa hakuna mfuko unaomlipa mfugaji aliyepoteza nguruwe. Kwa sababu hiyo wengi wanafanya kile ambacho wafugaji wa Hispania wangefanya bila malipo: kuuza mgonjwa haraka. Si ubaya wa roho, ni kuokoa makuta ya shule. Lakini nguruwe huyo anapeleka kifo katika kila banda linalopokea mabaki ya nyama yake.

Peste haimgonjeshi mtu, na nyama iliyopikwa vizuri haimbebi tena mdudu wake. Hatari iko kwa nguruwe wengine, juu ya virusi vinaweza kukaa muda mrefu ndani ya damu, nyama mbichi, nyama ya frigo na nyama ya chumvi. Kwa hiyo kuko mambo ambayo hayangojei serikali:

– Mabaki ya chakula yenye nyama yachemshwe kwanza, kabla ya kumpa nguruwe.
– Nguruwe wakae ndani ya banda, wasizunguke kijijini wakikutana na wa wengine.
– Nyufa za banda zizibwe, papasi wasipate pa kujificha.
– Mnunuzi ao mchinjaji anayetoka banda lingine asiingie na viatu vyake.
– Nguruwe mpya atengwe wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine. Akiuzwa kwa bei ya chini sana, muulize muuzaji juu ya nini ana haraka.
– Nguruwe akifa ghafla, azikwe ndani ya shimo refu, na veterineri wa karibu aitwe. Mzoga usitupwe mtoni.

Jambo moja linabaki ambalo mfugaji mmoja hawezi kulifanya peke yake. Ni malipo kwa yule anayekubali kusema wazi kwamba kwake kuna ugonjwa. Kule Hispania fedha hizo zilitoka kwa serikali na kwa Ulaya. Huku, mashirika ya wafugaji yanaweza kuanza na kidogo: kila mwanachama kuchanga anapouza nguruwe, ili anayepoteza banda lote asaidiwe kununua wawili wa kuanza tena. Mtu anayejua atasaidiwa hatakuwa na sababu ya kumpeleka mgonjwa sokoni usiku.